Mtafiti wa Uhalifu Hufanya Kazi Gani? Tuanzie Sotik Kabla ya Kufika Kisauni

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka na barua za vyuo zikianza kuingia, barazani huwa hakuna mazungumzo mengine. Huyu kaitwa ualimu, yule uuguzi, mwengine mambo ya meli. Binti mmoja wa mtaani kwetu amechagua kriminolojia, yaani taaluma ya kuuchunguza uhalifu, na jambo la kwanza babake aliloulizwa ni kama mwanawe anataka kuwa askari kanzu. La pili aliulizwa kwa sauti ya chini: je, haogopi?

Hayo si maswali ya kipuuzi. Huku Pwani neno kijana likikaa karibu na neno polisi, mara nyingi ni habari ya kesi au ya msiba. Kwa hivyo nimeona bora nieleze, kwa kadiri ya uelewa wa mtu mwenye diploma yake moja tu ya ustawi wa jamii, mtafiti wa uhalifu hufanya nini hasa, hayo anayoyasema anayatoa wapi, na kwa nini kazi yake inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu maprofesa wenzake. Sitaanzia Kisauni wala Majengo, maana huko kila msomaji ana hasira zake tayari na hatutasikilizana. Nitaanzia Sotik.

Sotik iko kaunti ya Bomet, kwenye barabara itokayo Kericho kwenda Kisii. Mtu wa Mombasa huenda hajafika, lakini kila asubuhi anainywa. Chai ya Kericho na Bomet huteremshwa kwa malori hadi maghala ya Shimanzi na kupigwa mnada papa hapa mjini. Nilipokuwa nikifanya kazi za maghala nilipata kutumwa huko mara mbili tatu. Ni nchi ya vilima vya kijani kibichi na baridi ya alfajiri inayomfanya mtu wa kanzu na kikoi aombe blanketi la mwenyeji wake bila haya.

Ukitoka Sotik kuelekea Kisii unafika soko la Chebilat. Hapo ndipo mpaka. Upande mmoja ni Wakipsigis wa Bomet, upande wa pili ni Wagusii wa Borabu, kaunti ya Nyamira. Siku ya soko huwezi kujua nani katoka wapi. Wananunua ndizi, maziwa na ng'ombe kwa pamoja. Lakini mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi, mpaka huo uliwaka moto. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, na waliokuwa mbele pande zote mbili walikuwa vijana. Tume ya Jaji Philip Waki ilipofanya hesabu ya nchi nzima ya ghasia hizo za 2008 ilipata vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilikuwa vya risasi. Shikilia hiyo namba ya pili. Vijana wa mashambani walikuwa na mishale, mapanga na viberiti. Bunduki, kwa sehemu kubwa, zilikuwa mikononi mwa serikali.

Sasa jiweke mahali pa mtafiti aliyefika mpakani kama ule baada ya moto kuzimika. Anatakiwa aandike nani mhalifu na nani mwathiriwa. Anakutana na kijana ambaye asubuhi nyumba ya mamake ilichomwa, na jioni yake naye akachukua upinde akavuka barabara. Amwandike wapi? Faili ya polisi itamweka mahali pamoja, ama mlalamikaji ama mshukiwa. Mtafiti hana budi kumwandika kotekote. Na jambo hili si la Sotik peke yake. Ni katika mambo ambayo taaluma hii imeyathibitisha nchi baada ya nchi: kijana anayeumiza wengine, mara nyingi kuliko wenzake, naye ameumizwa, iwe nyumbani, iwe mtaani, iwe mikononi mwa askari. Ndiyo maana msomi anayechunguza uhalifu wa vijana huishia kuchunguza pia nani ameumizwa, na akifika hapo hawezi kukwepa swali la tatu, yaani aliyeumizwa alikwenda kwa polisi au hakwenda, na kwa nini.

Maswali hayo matatu ndiyo kazi yenyewe. Mtu anaweza kuyafanyia kazi miaka thelathini na asiyamalize.

Ng'ombe, faini na ukimya

Aliyenifungua macho kuhusu nchi ile ni mwanahistoria kutoka Uingereza, David Anderson, profesa wa historia ya Afrika aliyefundisha London, Oxford na Warwick. Wengi wanamjua kwa kitabu chake cha 2005, Histories of the Hanged, kinachohusu Mau Mau na watu walionyongwa na mahakama za wakoloni. Lakini miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akifukua jambo lililoonekana dogo: wizi wa ng'ombe. Mwaka 1986 alichapisha makala kuhusu wizi wa mifugo na maadili yake katika Kenya ya kikoloni, na Wakipsigis na Wanandi ni watu wakuu katika habari hiyo.

Hoja yake si ngumu kuifuata. Kwa kijana wa rika la askari wa zamani, kwenda mbali kuteka ng'ombe wa watu wengine kulikuwa sehemu ya kuwa mwanamume. Kumwibia jirani ilikuwa aibu, na wazee walikuwa na njia zao za kumshughulikia mwizi wa namna hiyo. Wenyewe waliyaona haya kuwa mambo mawili. Mzungu alipokuja aliyaita yote jina moja, wizi, na adhabu yake haikumtafuta mkosaji mmoja. Mwaka 1905 jeshi la King's African Rifles lilitumwa Sotik kuwaadhibu watu kwa kuwavamia Wamaasai. Watu wakauawa na ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, na ng'ombe hawakuulizwa ni wa nani. Kisha sheria zikafuata. Ya mwaka 1909 iliruhusu jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la baadhi yao. Ya 1913 iliweka faini ya mara kumi ya thamani ya mnyama aliyeibwa, na mwizi akishindwa kulipa, deni liliweza kuwafuata jamaa zake.

Fikiri basi wewe ndiwe mzee wa kijiji. Aliyeiba unamjua. Ukimtaja, faini inaangukia ukoo wako. Ukinyamaza, huenda ikaangukia kijiji kizima, lakini hapo angalau mzigo mnagawana. Ungesema?

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikapiga hatua kubwa zaidi. Ilipitisha sheria maalumu ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, kwa madai kwamba ndio walio nyuma ya wizi na fujo Kericho. Wakahamishiwa Gwassi, kusini mwa Nyanza, sehemu ya joto na mbung'o, pamoja na wake na watoto wao. Wajukuu wao mpaka leo wanadai haki, na wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wamelichukua suala hilo.

Hapa msomaji wa Pwani atakuwa tayari ameamua: hawa walikuwa mashujaa, na wizi ule ulikuwa jihadi dhidi ya mkoloni. Anderson hakufika huko, na hapa ndipo nilipomheshimu. Mwaka 1993 aliandika makala nyengine, mfano wake ukiwa hao hao Talai, akitahadharisha dhidi ya mazoea ya wasomi kukiona kila kitendo cha uhalifu cha zama zile kuwa ni upinzani wa kisiasa. Aliyeibiwa ng'ombe usiku hakuwa mlowezi peke yake. Alikuwa pia Mkipsigis mwenzake, mjane, mkulima asiye na bunduki wala wakili. Ukimfanya mwizi shujaa, huyo umemfuta. Adhabu ya ukoo mzima ilikuwa dhuluma, na mwizi alikuwa mwizi. Mtafiti mzuri huyabeba yote mawili bila kuyaacha mojawapo, na anatukanwa na pande zote kwa sababu hiyo.

Swali hilo halijazeeka. Mei 2023 vijana Kericho walivamia mashamba ya chai wakachoma mashine za kuchumia, mashine ambayo moja inafanya kazi ya mikono mingi, na katika makabiliano na polisi mtu akapoteza maisha. Kwa polisi ni uharibifu wa mali. Kwa wachumaji ni chakula cha watoto. Mtu anayetaka kujua ukweli hawezi kuridhika na mojawapo ya majibu hayo kabla hajakaa na kijana aliyewasha kiberiti, na dereva wa mashine, na askari aliyetumwa pale na bunduki na bila maelezo ya kutosha.

Namba ya OB haijui kila kitu

Kila kituo cha polisi nchini kina kitabu cha matukio, OB, na sisi sote tunajua umuhimu wa kupata namba yake. Takwimu za uhalifu zinazotangazwa kila mwaka zinatokana, mwishowe, na vitabu hivyo. Kitabu hicho kina maradhi ya kuzaliwa nayo: kinajua tu kile kilicholetwa. Ukiibiwa simu ukanyamaza, kwa serikali simu haikuibwa.

Kwa hivyo wataalamu wakabuni njia nyengine. Badala ya kumwuliza polisi amepokea kesi ngapi, unapiga hodi nyumba kwa nyumba, kwa sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, unauliza: katika miezi kumi na miwili iliyopita, wewe au mtu wa nyumba hii mmefanyiwa nini? Mliripoti? Kama hamkuripoti, kwa nini? Marekani ilianza kufanya hivyo kitaifa miaka ya 1960. Mwaka 1992 Kampala na Dar es Salaam zikaingizwa katika uchunguzi wa kimataifa wa namna hiyo. Nairobi ilifanyiwa uchunguzi wake mwaka 2001 chini ya UN-Habitat, na ukaonyesha kwamba asilimia 37 ya wakazi walikuwa wamenyang'anywa kwa nguvu angalau mara moja katika mwaka mmoja. Zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu! Hakuna kitabu cha OB ambacho kingekwambia hivyo.

Pengo kati ya yaliyotokea na yaliyoandikwa ndilo linalowaumiza vichwa watafiti, na si pengo la kawaida, maana haliko sawa kila mahali wala kwa kila mtu. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, ambapo wanawake zaidi ya 70 walieleza kudhulumiwa kimapenzi na wasimamizi wao katika mashamba yaliyokuwa kwa miaka mingi chini ya kampuni mbili za Uingereza. Wanawake zaidi ya sabini. Jiulize ni wangapi kati yao waliokuwa na namba ya OB, na kama wangeipata, nani angebaki na kazi siku ya pili, mwanamke au msimamizi. Anayesoma takwimu za kituo angesema eneo lile ni shwari.

Ndiyo sababu sehemu yenye takwimu ndogo za uhalifu inaweza kuwa ni sehemu yenye amani, au ni sehemu ambayo watu wamekata tamaa na kituo. Kwenye karatasi zinafanana kama mapacha. Kuzitofautisha kunahitaji mtu aende akae, asikilize, anywe chai ya watu.

Wachache, si wote

Nikubaliwe nivuke bahari kidogo, kwa sababu utafiti mmoja wa huko ungepaswa kubandikwa ukutani katika kila kituo cha polisi cha kaunti zetu. Marvin Wolfgang na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichukua wavulana wote waliozaliwa mwaka 1945 na kuishi mji ule kutoka umri wa miaka kumi mpaka kumi na minane, jumla yao 9,945, wakafuatilia kumbukumbu zao za polisi. Karibu theluthi moja walikuwa wamewahi kuingia mikononi mwa polisi. Lakini wengi wa hao waliacha wenyewe, mara moja au mbili basi. Waliorudia mara tano au zaidi walikuwa 627, yaani asilimia sita ya wavulana wote, na hao peke yao walihusika na zaidi ya nusu ya makosa yote. Kitabu kilitoka 1972.

Maana yake ni nini kwetu? Kwamba msako wa kuzoa kila kijana aliyekaa maskani baada ya isha, ukaweka sitini ndani kwa sababu ya watatu, unakosea kihesabu kabla ya kukosea kisheria. Hamsini na saba wamepata jina, wamepata marafiki wapya seli, na mama zao wamejifunza kwamba kituo ni mahali pa kwenda kuomba na kutoa. Wale watatu mara nyingi hawakuwa hata maskani siku hiyo.

Jambo jengine ambalo limeonekana karibu kila mahali palipochunguzwa ni kwamba uhalifu hupanda katika umri wa ubalehe, hufika kilele kabla au karibu na miaka ishirini, kisha hushuka. Vijana wengi hukua wakauacha, ilimradi hawakuuawa wala hawakufungwa muda wa kutosha kuufanya uwe kazi. Sheria yetu imeanza kulitambua hilo. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka minane hadi kumi na miwili, na mtoto chini ya miaka kumi na minne huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua mpaka mahakama iridhike vyengine. Ni hatua. Mtu anayepita Shimo la Tewa na kuiona Borstal ya wavulana pale anajua kwamba bado iko safari.

Umasikini je? Hapo barazani kila mtu ana jibu. Marshall Clinard wa Marekani na mwenzake Daniel Abbott walilichunguza hilo Kampala mwishoni mwa miaka ya 1960, wakalinganisha mitaa miwili ya mabanda, Kisenyi na Namuwongo. Yote miwili masikini. Mmoja ulikuwa na uhalifu mwingi, Kisenyi, na mwengine mdogo. Tofauti waliyoiona, katika kitabu chao cha 1973, ilikuwa zaidi katika mahusiano: Namuwongo watu walitembeleana, walijuana, walikaa muda mrefu pahali pamoja, familia zilikuwa imara zaidi. Nasikia wazee wakisema, hilo sisi tulilijua bila Mmarekani. Sawa. Lakini mnalijua na bado nyumba za Old Town na Majengo zinajaa wapangaji wasiojuana, na hakuna anayepita kubisha hodi.

Kuhusu polisi wenyewe, mtu wa kusoma ni Tom Tyler. Mwaka 1990 alitoa kitabu kutokana na mahojiano na wakazi zaidi ya 1,500 wa Chicago, akiuliza kwa nini watu hutii sheria. Alitarajiwa akute hofu ya adhabu. Alikuta jambo jengine: watu hutii na kushirikiana zaidi pale wanapoona waliosimamia sheria wamewatendea kwa haki, wamewasikiliza, wamewapa heshima, hata kama uamuzi wenyewe umekwenda kinyume nao. Kijana aliyesimamishwa njiani akaambiwa "habari yako, naomba kitambulisho, sababu ni hii" na kijana aliyepigwa kofi kwanza kisha akaulizwa jina, wote wawili wameruhusiwa kwenda zao. Mwezi ujao, duka la jirani likivunjwa, ni yupi atapiga simu?

Nyumba Kumi na mtu aliyeuliza mapema

Serikali nayo ililiona pengo. Aprili 2005 Rais Kibaki alizindua mpango wa polisi kushirikiana na jamii. Katiba ya 2010, kifungu cha 244, ikaiagiza huduma ya polisi ijenge uhusiano mwema na wananchi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ikaweka sehemu nzima ya ushirikiano huo. Baada ya shambulizi la Westgate Septemba 2013 likaja neno Nyumba Kumi, walilokuwa nalo Watanzania tangu zamani.

Msomi wa Kenya, Mutuma Ruteere, alikuwa ameuliza swali gumu kabla ya yote hayo. Mwaka 2003, pamoja na Marie-Emmanuelle Pommerolle, aliandika katika jarida la African Affairs makala ambayo kichwa chake tu kinatosha: je, mipango hii inauleta usalama karibu na watu kidemokrasia, au inausambaza ukandamizaji mpaka mitaani? Nimtaje zaidi kwa sababu binti yule wa mtaani kwetu anahitaji mfano wa mtu wa hapa. Ruteere alifanya kazi ya haki za binadamu, akasoma mpaka shahada ya udaktari, akaandika kuhusu Mungiki wakati ambapo wengine walitaka wauawe tu na mambo yaishe, akaongoza kituo cha utafiti Nairobi kinachochunguza usalama na haki, na kati ya 2011 na 2017 alikuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi wa rangi. Hakuvaa sare hata siku moja.

Swali lake bado liko hai. Rudi Chebilat. Kamati ya Nyumba Kumi ya upande wa Sotik ikiwa ni ya Wakipsigis watupu, na ya Borabu ni ya Wagusii watupu, umeunda usalama au umeunda vikosi viwili vyenye muhuri wa chifu? Na huku kwetu: mzee wa mtaa anayepeleka majina ya vijana kituoni, nani anayahakiki majina hayo? Mwenye duka aliyegombana na kijana kuhusu deni, au kuhusu binti, anaweza kumfanya kijana huyo awe gaidi kwa simu moja. Hilo tumeliona, na waliolipa gharama tunawajua.

Hapo ndipo ile hesabu ya mzee wa kijiji cha Kericho inapotukuta sisi. Mwezi Desemba 2016 shirika la Haki Africa lilitoa ripoti yenye visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kupotea kati ya 2012 na 2016, na jina la ripoti lilikuwa ni swali: familia tuziambie nini? Mtaa ulioyaona hayo, kisha ukaona vijana wa magenge kama Wakali Kwanza wakikata watu kwa mapanga Kisauni, umebanwa pande mbili. Mama aliyekatwa mwanawe anamjua aliyemkata. Ni mtoto wa jirani, alisoma naye madrasa. Akienda kituoni, anaogopa genge litamrudia. Na anaogopa pia, hili halisemwi hadharani, kwamba mtoto wa jirani hatafikishwa mahakamani bali atapatikana Tsavo. Hataki kisasi cha namna hiyo. Anataka hakimu. Kwa kuwa hana uhakika wa kumpata hakimu, ananyamaza, na OB inaandika kwamba wiki hiyo mtaa ulikuwa salama.

Nani atakayempelekea mama huyo swali kwa lugha yake, bila kumwonyesha afisa wala kamera? Wengi wa waliotuandika mpaka sasa wametoka mbali. Wanakuja na mkalimani, wanakaa wiki mbili hotelini, wanauliza kuhusu itikadi kali kwa sababu ndiyo yenye ufadhili, na wizi wa pikipiki, mihadarati, ubakaji na kofi la askari havimo kwenye hojaji. Sisemi wamesema uongo. Wamejibu maswali ya waliowalipa.

Kwa anayetaka njia

Shahada ya kwanza ya kriminolojia inafundishwa katika vyuo vyetu vya umma, vikiwemo Egerton kule Njoro na Masinde Muliro kule Kakamega. Wengine huingia kupitia sosholojia, sheria, saikolojia au hata historia, kama alivyoingia Anderson. Hesabu haikwepeki, asiyejua sampuli na asilimia atadanganywa na namba zake mwenyewe. Lugha nayo ni mali. Mtoto aliyekulia Mombasa, anayejua tofauti ya kijana aliyesema "nilikuwa tu maskani" na yule aliyesema "tulikuwa maskani", ana kitu ambacho hakifundishwi.

Kazi ziko, si tele. Kuna kituo cha taifa cha utafiti wa uhalifu, kilichoundwa kwa sheria ya 1997. Kuna IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, iliyoundwa 2011. Kuna mashirika, mahakama za watoto, huduma za urekebishaji, na vyuo vyenyewe. Na kuna jambo ambalo halijatumiwa: sheria ya polisi ya 2011 inataka kila kaunti iwe na mamlaka ya usalama inayoongozwa na gavana, ambamo raia wana viti. Viti hivyo vinahitaji mtu mwenye takwimu za mtaa wake mkononi, asije akakaa pale kusikiliza tu hotuba ya kamanda.

Hatari ipo na sitaificha. Mtafiti anayeongea na vijana wa genge anaweza kuonekana mpelelezi na vijana, na kuonekana msaliti na polisi, siku moja hiyo hiyo. Ndiyo sababu kuna kibali cha NACOSTI, kuna kamati ya maadili ya chuo, kuna kanuni ya kutoandika jina la aliyehojiwa popote. Daftari la mtafiti likiangukia mikono isiyofaa linaweza kuua mtu. Hilo mwanafunzi afundishwe kabla ya kufundishwa hesabu.

Kwa hivyo mwanafunzi wa namna hii akibisha hodi kwako, awe wa Sotik au wa Sparki, mwombe kwanza akuonyeshe kibali. Muulize majina yenu yatakaa wapi. Kisha muulize matokeo atayaleta lini, na atayasomea wapi, msikitini, shuleni au barazani, na kwa Kiswahili.